Vibandiko vya Nyumbani kwa Madam Vidalenc

Solange Barbarin alikuwa amemhudumia Madam Vidalenc kwa miaka kumi na mmoja: kumwogesha, kumpikia, kumvumilia. Bibi alikuwa na miaka tisini na ulimi wa wembe, na katika kijiji kile cha milima ya Cantal, Ufaransa, hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Novemba alipopatwa na homa ya mapafu, daktari alisema huenda asiione Jumapili. Solange akawapigia simu wanawe.

Walifika Jumamosi asubuhi, kila mmoja na tela nyuma ya gari. Régis alimbusu mama yake kwenye paji la uso, kisha akatoa mfukoni vibandiko vyekundu. Huguette, dada yake, alikuja na vya buluu.

"Si uroho, Solange," Huguette alisema, akibandika kimoja kwenye kabati la sahani. "Tunaepusha ugomvi baadaye."

"Mama yenu anasikia."

"Nani, huyu? Hasikii hata kengele ya kanisa!"

Solange akachota supu jikoni. Mlangoni pa chumba cha mgonjwa, Régis akamzibia njia.

"Hiyo ya nani?"

"Ya Madam. Amefumbua macho."

Régis akafunika bakuli kwa kiganja. "Usimlazimishe," alinong'ona. "Mwache apumzike. Wewe mtu mzima, unanielewa."

Alimwelewa. Wangemsingizia wizi wa kijiko kimoja tu, ofisi iliyomwajiri ingemfukuza, na mumewe hakuwa na kazi.

"Toa mkono, Régis."

Hakutoa. Naye Solange hakurudi nyuma.

"Régis!" Huguette alipiga kelele sebuleni. "Nani kabandika chekundu kwenye saa yangu?"

"Yako tangu lini?" Régis akageuka. Solange akapenya, akafunga mlango kwa ufunguo.

Kijiko cha kwanza kilimmwagikia bibi shingoni. Cha pili bibi alikimeza. Huko nje saa kubwa ya ukutani ilianguka kwa kishindo, kisha ngumi zikaanza kugonga mlango. "Fungua! Tutakushitaki!" Solange alitokwa na jasho, ila hakusimamisha mkono. Kwenye kijiko cha saba bibi akasema, "Haina chumvi."

Jumapili ikapita. Kufikia Jumanne Madam Vidalenc alikuwa amekaa kitandani, akiwatukana wanawe kwa majina yao kamili. Waliondoka na matela matupu.

Huguette aliiandikia ofisi barua ya malalamiko kweli. Solange alihojiwa asubuhi nzima, akapewa onyo kwa kufunga mlango, akarudi kazini.

Majira ya kuchipua, bibi alimwita dalali akauza vyombo vyote vya nyumba, akabakiza kitanda, meza na jiko. Fedha alienda kuzitumia Biarritz, mji wa pwani, kwenye hoteli inayotazama bahari, kwa wiki sita. Bibi hakumpa Solange hata asante. Hata hivyo, Solange alipomwona akipanda teksi na kofia mpya kichwani, alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.