Dirisha la Msusi Kipofu

Kosa alilifanya mwenyewe, tena kwa wema. Karakana ile ya viti ilikuwa na dirisha moja tu la maana, linalotazama mashariki, na msusi wa vikalio alikuwa amekaa chini yake miaka kumi na tisa. Siku alipoletwa mshonaji wa mito, mama mwenye ulimi mwepesi na macho mazito, msusi alinyanyua kigoda chake akasema, "Kaa hapa, dada, uone tundu la sindano. Mimi kipofu, dirisha la nini?" Wote wakamsifu. Akahamia stoo ya nyuma, kwenye marobota ya henzirani, zile fito laini za kusukia vikalio, mle ambamo hata mwenye macho huingia akipapasa.

Macho yake yalizima polepole tangu ujana, na alipofika miaka thelathini hakubakiwa na hata mwali. Usingizi wake, hata hivyo, ulikuwa wa kupigiwa mfano. Aliamka saa kumi na moja na nusu bila kengele wala jogoo, hadi majirani wakamwita Bwana Saa. Aliliringia jina hilo, na mimi simlaumu. Aliyenyimwa kimoja ana haki ya kujivunia kingine.

Huko stoo, saa ikaanza kuchelewa. Kila siku usingizi ulimjia nyuma kidogo ya jana, mpaka mwezi wa pili ukamkuta anakesha usiku na kusinzia mchana, henzirani mkononi. Akaruka nyuzi. Viti vitatu vikarudishwa na wateja. Mwenye karakana, mwanamke asiyependa kelele, akamwambia, "Kaka, nakuheshimu. Ila kiti cha nne kikirudi, sitakuwa na namna." Maji yamezidi unga, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na dada yake, katika vyumba viwili juu ya karakana hiyo hiyo. Safari zake zote zilikuwa ngazi, ukumbi na stoo, basi.

Dada yake akamkokota zahanati. Daktari, binti wa juzi tu, badala ya kumpa vidonge vya usingizi akammulika jicho kwa tochi. Akasogea karibu. Akammulika tena.

"Umeona nini, mzee?"

"Giza, mwanangu. Hilo nimelizoea."

"Basi jicho lako limeona. Mboni imesinyaa."

"Limeona, halafu likaninyima taarifa?"

Daktari akacheka, akavuta kiti. Akaeleza kwamba nyuma ya jicho kuna chembe za kuonea, na zake zilikwisha kufa. Ila zipo nyingine chache, zenye protini yao maalumu iitwayo melanopsini, ambayo hubadilika mwanga ukiigusa. Chembe hizo hazichori sura ya mtu wala ya mti. Kazi yao kubwa ni kupeleka habari kwenye ubongo: kumekucha, au kumekuchwa. Ubongo una saa yake, na kwa watu wengi saa hiyo huchelewa kidogo. Mwanga wa asubuhi ndio huirudisha mahali pake kila siku.

Msusi akasahau kilichomleta. Nikifumba macho je? Na taa ya ndani, inatosha? Mbona miaka yote hiyo hazikuchoka? Daktari alijibu moja, akajibu la pili, kisha akauliza lake: "Usingizi umeharibika tangu lini?"

"Tangu nilipo..." Akakwama. "Tangu nilipotoa dirisha."

Kujua ni rahisi. Kwenda kuomba ndiyo kazi. Uso umeumbwa na haya, hata usioona. Siku mbili nzima msusi alizunguka nalo moyoni, na siku ya tatu akasimama mbele ya cherehani akasema analitaka dirisha lake. Mafundi wakaangua kicheko. Yeye akaeleza yote, mpaka protini, huku jasho likimtoka.

Mshonaji peke yake hakucheka. Aliisimamisha cherehani.

"Kaka, nisamehe," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia bosi kuwa unalewa."

Ilimuuma msusi, na hakuficha. "Ungeniuliza, dada."

"Kweli, ilinipasa." Akainuka, akaikamata cherehani upande mmoja. "Shika huko, tuigeuze. Sindano yangu inataka mwanga kidogo tu."

Wakakaa wote wawili dirishani, mto na kikalio. Hakuna miujiza iliyotokea kesho yake. Usingizi ulirudi kwa hatua za mtoto anayejifunza kutembea. Siku ya kumi na sita mwenye karakana alipitisha vidole juu ya kiti kipya cha msusi, ambacho kingerudi kingekuwa cha nne, uzi kwa uzi, akakipeleka penye viti vya kuuzwa. Kisha akarudi na robota jipya la henzirani, akaliweka miguuni pa msusi.

Asubuhi moja mteja alimkuta ameinua uso, macho wazi, akamwonea huruma. "Mzee, fumba macho, mwanga unayapiga bure."

"Si bure, mwanangu," akasema msusi, mikono haikusimama. "Yapo kazini."