Mzimu wa Daraja la Mbao

Wiki iliyopita, njiani kwenda Inyonga, nilikuta mafundi wanang'oa daraja letu la mbao. Niliokota kipande cha boriti, kikasagika mkononi kama unga. Mchwa walishaila zamani. Nikamkumbuka mama, ndoo ya asali kichwani ikinuka moshi, mchana ule nikiwa mtoto, aliponisimamisha pale.

"Vua ndala, upite taratibu. Mzimu wa hapa hataki watu wawili kwa pamoja."

"Tangulia wewe, mama."

"Nimesema nenda!"

Nilivuka nikilia, mzimu akiguna chini ya nyayo zangu. Niliamini mama ananitoa sadaka. Nilipofika ng'ambo ndipo naye akakanyaga ubao wa kwanza, akinikazia macho.

Leo najua aliogopa uzito wake na wa ile ndoo. Alitaka daraja likivunjika, mimi niwe nimeshavuka.