Maziwa Ndani ya Tairi

Niliambiwa kijiweni Bariadi, nikaamini kwa moyo wote, kwamba ukitia maziwa mgando ndani ya tyubu ya pikipiki, mwiba ukiingia yanaukunja na kuutema nje. Sharti yawe ya ng'ombe aliyezaa mara ya kwanza. Walisema kuna mtu kule Shishiyu alifanya hivyo, na hajaziba pancha mpaka wajukuu wake wameota ndevu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, fizikia nimefaulu, na bado nikaenda kutafuta ng'ombe.

Pikipiki yangu ilikuwa ya porini, yenye matairi ya meno, na ilipata pancha hata ikipita kwenye kivuli cha mti wa miiba. Nikabandua tairi la nyuma kwa vyuma viwili, nikaweka tyubu mpya, nikachomoa kisindano cha valvu, nikasukuma maziwa ndani kwa bomba la kuchanjia mifugo. Nikajaza upepo, nikajiona bingwa.

Baada ya wiki kadhaa za jua kali nilikwenda Zagayu, nyumbani kwa binti niliyetaka kumwoa. Baba yake angenitazama, kisha aseme kama wazee wangu waje kuposa au nisionekane tena pale. Nilivaa shati jeupe. Ndiyo kwanza nimemsalimu Kisukuma, "Mwadila, baba," tairi la nyuma likaanza kunywea palepale uani.

"Tengeneza, nakuona," alisema mzee, akavuta kigoda.

Nikainama, nikabonyeza valvu kutoa upepo uliobaki. Kilichotoka kilikuwa ute wa kijani wenye mabonge, nao ulinipata mdomoni, maana nilikuwa naongea. Ulinuka kama mzoga uliomeza yai viza. Kuku walihama kata. Mbwa alinusa shati langu, akatapika. Nami nikatapika, nikafuta ulimi kwa kiganja, na kiganja chenyewe kimejaa ute. Mpaka leo ukinikaribisha bakuli la mgando nakuona adui.

"Baba, nini kimekufa huko?" binti aliuliza kutoka ndani.

"Mgeni wako anatengeneza gurudumu."

Sikuthubutu kuacha. Nikaivuta tyubu nje, inateleza mikononi kama utumbo wa ng'ombe mgonjwa, huku nikimweleza mzee ile habari ya mwiba na maziwa. Hakucheka. Alichukua kijiti, akaiinua tyubu, akatazama ute unachuruzika kutokea wapi.

"Wazee wako waje," alisema. "Aliyevumilia uvundo huu mpaka mwisho hatamkimbia mwanangu. Ila sikiliza. Tundu liko upande wa ndani, kwenye ringi. Mwiba haupiti kwenye chuma. Hukuweka utepe wa kufunika vichwa vya spoki, na ndivyo vinavyokutobolea."