Mahali pa Ochieng'

Iko alasiri moja ya miaka ya tisini ambayo haijanitoka, mwanangu. Ni siku tuliyomzika kaka yangu Ochieng', nyumbani kwetu Uriri. Keti vizuri, maana habari hii siwezi kuisimulia nikiharakishwa.

Ochieng' na mimi tulikuwa katika okestra ya watu wa kawaida, iliyokutana Homa Bay. Walikuwamo walimu, fundi cherehani, muuguzi, hata muuza samaki mmoja. Jumamosi Waadventista hawapigi, Jumapili asubuhi Wakatoliki wako misani, kwa hiyo ikabaki Jumapili alasiri, saa ambayo wenye akili zao wamelala. Mimi nilipiga fidla ndogo. Kaka alipiga ile kubwa inayobanwa kwa magoti, na alikuwa peke yake kwa sababu tulikuwa nayo moja tu. Mama alikuja kutusikiliza mara chache, akarudi akilalamika kwamba sote tunapiga kwa pamoja, hajui sauti ya mwanawe ni ipi. Kaka alimcheka, akamwahidi kwamba siku moja atampigia peke yake.

Hakumpigia. Alianza kukonda kwa ugonjwa ule ambao miaka ile tuliogopa hata kuutaja, na kabla mahindi hayajakomaa alikuwa amekwenda.

Sisi wenzake tulitaka kumpa heshima. Kiongozi wetu, Mwalimu Chacha, Mkuria wa Isebania, alisafiri hadi Kisumu kutafuta mpigaji wa kushika ile fidla kubwa, ili wimbo aliopenda kaka usiharibike mbele ya waombolezaji. Mimi mwenyewe nilimshukuru. Niliona ni aibu kuacha pengo mbele ya watu wote wale.

Basi tukapiga kando ya jeneza. Wimbo ule una mahali katikati ambapo sote tunapiga kwa chini sana, fidla kubwa ikiubeba peke yake. Yule mgeni alipiga safi, pengine kumshinda kaka, Mungu anisamehe. Mama akainuka kitini, akamwendea Mwalimu polepole. Nilidhani anakwenda kushukuru. Kwa kuwa Mwalimu hakujua Kijaluo, alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni:

“Mwalimu, huyu kijana anajua kazi. Lakini huyu si nyathina, si mtoto wangu. Ukiweka mtu hapo, ni kama hakuna mtu amekufa. Pigeni tena, hiyo yake muache.”

Mwalimu aliinamisha kichwa, akamwomba mgeni aweke fidla chini. Tukaanza upya. Tulipofika pale katikati, wimbo ulitoweka. Zilibaki fidla zetu ndogo zikisindikiza kitu kisichokuwapo, na mtu mmoja akikohoa. Niliendelea kupiga kwa sababu mama alikuwa akinitazama. Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu tulipomtoa kaka mochari. Jioni aliniambia, “Kumbe hapo ndipo alikuwa.” Aliijua sauti ya mwanawe siku ambayo haikuwepo, na hadi anakufa hakupata kuijua kwa njia nyingine.

Mwanangu, nimezika wengi tangu siku hiyo na sijazoea. Ninachokuomba ni hiki: jirani akifiwa, usikimbilie kuziba nafasi. Usimwambie mjane ataolewa tena, wala usimwambie mama ana watoto wengine. Jina la marehemu litajwe, kiti chake kikae wazi, watu waone walichopoteza hata kama shughuli itaonekana mbovu. Na walio hai, waulize wanafanya nini, uwasikilize mmoja mmoja wakiwa bado na nguvu za kukuonyesha. Mama yangu angetoa chochote apate hilo.

Mungu akucheleweshee misiba, mwanangu. Na zamu yako ikifika, awepo mtu atakayejua ulikuwa umekaa wapi.