Mtungi Uliobaki na Hewa

Uvumilivu wangu uliisha msibani, nyumbani kwetu Izia, mkuu wa mradi wa uvuvi aliponiambia, "Pole, dada. Mumeo alizama kwa uzembe wake."

Uzembe? Mume wangu ndiye aliyefunga pampu ya kujaza hewa kwenye mitungi ya wazamiaji kule Kirando. Mpira wa kuvutia hewa aliuelekeza ziwani, mbali na injini ya dizeli iliyoiendesha pampu. Wageni walipotarajiwa, mkuu akaamuru pampu, injini na mpira vyote viingizwe bandani, paonekane nadhifu.

"Mkuu, mpira utavuta moshi wa injini," mume wangu alimwonya.

"Ndugu fundi, umeona wapi moshi ukizama?" Wenzake wakacheka.

Kesho yake mume wangu akatumwa kuzamia na mtungi uliojazwa humo bandani, anasue wavu kwenye pangaboi la boti. Walimtoa amekufa, mtungi bado una hewa nusu nzima. Walipoufungua, hewa ile ilinuka dizeli.

"Toka nje," nilimwambia mkuu. Wazee waliguna, mwanangu mgongoni akalia.

Asubuhi nilipeleka malalamiko yangu mkoani kwa maandishi, nikasimama pale mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri. Niliomba jambo moja tu: mtungi ule upimwe kabla hawajaujaza tena na kumvika mume wa mwingine.