Takribani 144, Bila Gari la Mume Wake

Saa mbili asubuhi jua limeshaingia barazani, na Mama Sindano amekilaza kiti cha gari kifudifudi juu ya meza, kama mtoto anayesubiri kupakwa dawa mgongoni. Anaitafuta pembe ya kushoto, anachomeka ncha ya mkasi, anakata nyuzi chache, kisha anaingiza vidole viwili ndani ya ngozi na kupapasa.

Mwenye kiti, mwanamume wa makamo mwenye saa kubwa mkononi, amesimama mlangoni.

"Mama Sindano, mimi nimesema sponji limelala. Huko pembeni hakuna tatizo."

"Najua."

"Sasa unatafuta nini?"

"Changu."

Mwanamume anacheka. Anasema kiti hicho kinamchoma mgongo mwaka mzima sasa.

"Si kiti, baba," anajibiwa. "Ni mgongo wako umezeeka kuliko gari."

Mama Sindano anatoa vidole. "Siyo hiki," anamwambia binti yake aliyeketi kwenye cherehani. Binti anatikisa kichwa na kuendelea kukanyaga.

Kiti hicho ni cha Mshale, gari dogo la mbio la watu wawili. Liliundwa katika karakana iliyokuwa mwisho wa barabara hii hii, mahali ambapo leo panahifadhiwa magodoro. Wateja waliliita Mshale kwa sababu ndivyo tangazo lilivyosema. Waliolitengeneza waliliita Chura, kwa jinsi lilivyochutama.

Mama Sindano alishona viti vyake kuanzia gari la kwanza hadi karakana ilipofungwa. Leo magari yaliyobaki yanagombewa na matajiri wenye chama chao, na kwa kuwa hakuna mwingine anayejua mkato wa viti vile, wanamletea yeye. Ujira wa viti viwili haufiki kodi ya mwezi ya vyumba anavyopanga na binti yake. Akiomba nyongeza, wanamwambia ngozi wameleta wenyewe.

Hiyo siyo inayomkera. Kinachomkera ni neno moja.

"Takribani," anasema, kama mtu anayetema mbegu. "Umeshawahi kuliona neno baya kama hilo?"

Neno hilo liko kwenye kitabu cha picha kilichotolewa na chama mwaka jana. Jalada linang'aa, magari yamepigwa picha mbele ya nyumba zenye bustani. Ukurasa wa pili umeandikwa: "Kwa makadirio yetu, ziliundwa Mshale takribani 144."

Ilibidi kukadiria kwa sababu kumbukumbu za karakana zilitupwa jengo lilipouzwa. Mwanzoni chama kiliwauliza wafanyakazi wa zamani, na kila mmoja alikuja na idadi yake. Fundi wa rangi alisema mia tatu. Mlinzi aliapa ni mia tano, maana geti alilifungua yeye kwa mikono yake.

"Yule alikuwa anahesabu likitoka na likirudi," anasema Mama Sindano, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka. "Gari moja likisahau spana nyuma, kwake ni magari manne."

Basi chama kikamwita mkaguzi wa hesabu mstaafu. Huyu ni mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, naye anaieleza kazi yake kwa subira.

"Chukulia kuna ukumbi, hujui una viti vingapi," anasema. "Umesimama mlangoni, watu wachache wanatoka na tiketi zao. Unasoma namba. Kubwa kuliko zote ni hamsini na nane. Basi hukosei sana ukisema ukumbi una viti sitini hivi. Namba hazisemi uongo, zinakosa tu kusema zote."

Kwa Mshale, tiketi ni namba iliyogongwa kwenye chesisi. Magari thelathini na manane yalipatikana, na namba kubwa kuliko zote ilikuwa 141. Mkaguzi akapiga hesabu yake, akapata 144.

Lakini kuna jambo ambalo namba hazikuweza kumwambia, na ambalo kila aliyefanya kazi pale analijua. Gari halikugongwa namba lilipokamilika. Liligongwa lilipokwenda majaribio na kurudi.

Sababu ilikuwa kodi. Kila namba iliyogongwa ilibidi itolewe taarifa serikalini, na bosi hakutaka kulipia gari ambalo lingeweza kushindwa mlimani. Likishindwa lilifunguliwa, vipuri vyake vikaingia kwenye gari jingine. Kwa hiyo kila Mshale lilitoka getini mara ya kwanza likiwa halina namba, likiendeshwa na mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mume wa Mama Sindano.

"Alikuwa anaondoka na kikombe cha chai mkononi," anasema. "Anakunywa nusu, ananiachia nusu mezani kwangu, ananiambia, 'Itunze, narudi kabla haijapoa.' Alikuwa na mbwembwe yule mtu! Na kweli alikuwa anarudi."

Siku moja hakurudi. Breki zilikataa kwenye mteremko, gari likagonga kuta za daraja. Walioliona wanasema alikuwa anapiga honi njia nzima ili watu wapishe.

Msibani bosi alileta magunia mawili ya nafaka. Kwenye uchunguzi wa polisi alileta maneno mengine. Alisema magari yake yote yana namba na yote yapo. Hicho kilichogonga daraja hakina namba, kwa hiyo si gari la karakana yake. Ni vyuma ambavyo dereva alivitoa bila ruhusa.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa na hivyo ndivyo ilivyobaki mpaka leo: mume wa Mama Sindano alikufa akiendesha vyuma vya wizi. Malipo ya kifo kazini hayakutoka. Nyumba ya kampuni walitakiwa kuihama mwezi uleule.

"Shemeji yangu mwenyewe, tumbo moja na marehemu, aliniuliza vyuma vingine tumeficha wapi," anasema. "Nikamwambia, vua viatu uingie uvunguni ukatafute. Akavua kweli."

Binti yake, aliyekuwa darasa la pili wakati huo, anasimamisha cherehani.

"Shuleni waliniita Skrepa," anasema. "Hata mwalimu alijisahau siku moja akaniita hivyo."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia nini, Mama? Ungeenda kumpiga."

"Ningempiga, ndiyo."

Mama Sindano hakuacha kazi pale. Angeacha aende wapi? Alikuwa na mtoto na hakuwa na paa. Aliporudi kutoka msibani alikuta viti viwili juu ya meza yake. Alivitambua: ni vya gari lile la darajani, alikuwa amevishona wiki ile. Msimamizi hakumtazama usoni. Alisema tu ngozi ni ghali, avioshe, na hicho cha dereva kilichopasuka akizibe, kuna gari linalovisubiri.

Anaposimulia hapa mikono yake inaendelea na kazi. Anaingiza sindano, anavuta, anakaza.

"Nilipeleka maji nje, nikaosha. Kilichochanika ni pembe ya kushoto, kwa ndani, kama urefu wa kiganja. Uzi wa viti ulikuwa umekwisha, nikaazima uzi wa fundi viatu wa nje ya geti. Mshono umekaa mshazari, na uzi wa viatu ni mnene, hata gizani ukigusa unaujua. Hakuna kiti kingine cha Mshale chenye kitu hicho. Nikashona, nikafunika. Wakaja wakachukua, wakafunga kwenye gari lao, likaenda likarudi, wakaligonga namba."

Namba gani, hakuwahi kujua. Mshonaji hakuruhusiwa kuvuka upande wa chesisi.

Kwa hiyo chama kilipoita mkutano wa kupitisha idadi, na mkaguzi akaomba mafundi wa zamani waalikwe, Mama Sindano alivaa gauni lake la kutokea akaenda. Alikaa kiti cha nyuma mpaka alipoulizwa kama ana la kuongeza. Alisema analo. Aliomba waongeze moja.

Mwenyekiti wa chama, mwenye Mshale tatu, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatabasamu.

"Mama yangu, pole sana. Lakini gari lisilo na namba tulihesabu kwa namba gani?"

Ukumbi ukacheka.

"Kwa kaburi," akajibu.

Kicheko kikakatika. Mtu mmoja akakohoa, mwenyekiti akashukuru, wakaletewa soda. Kitabu kilipotoka kilisema takribani 144. Mstari unaofuata ulisema hakuna ajali yoyote iliyowahi kutokea katika majaribio ya Mshale.

Mwenyekiti anasema chama hakina ugomvi na mtu. "Tukianza kuandika habari za breki, nani atanunua?" anauliza. "Sisi tunahifadhi historia."

Mkaguzi hajifichi. Anasema anamwamini mjane huyo na kwamba aliandika maelezo mafupi chini ya ukurasa kuhusu gari lile. Kamati ikayaondoa.

"Ningeweza kugoma," anasema, akiivua miwani yake. "Nilijiambia kwa njia yangu ya hesabu, 144 na 145 ni kitu kilekile. Makadirio yana nafasi ya kukosea, na gari moja linaenea humo ndani."

Mama Sindano ameyasikia maneno hayo. Mkaguzi mwenyewe alikuja kumwambia, akakaa palepale barazani, akanywa chai yake yote.

"Ni mtu mzuri, sina neno naye," anasema. "Lakini gari moja linaenea, anasema. Mbona mimi na mtoto hatukuenea popote? Mume wangu walimzika mara mbili. Mara ya kwanza makaburini. Mara ya pili humo, ndani ya takribani."

Fedha hazitaki tena, anasema. Bosi ameshakufa, karakana ni magodoro. Anachotaka ni karatasi ya polisi ibadilishwe, isomeke kwamba mumewe alikufa kazini, ndani ya gari. Ofisini walimwambia alete ushahidi. Ushahidi pekee duniani ni kile kiti: kikipatikana ndani ya gari lenye namba, itajulikana vile vyuma vilikuwa vya karakana. Fundi viatu yupo hai na yuko tayari kuutambua uzi wake, na mkaguzi ameahidi kwamba mara hii atasimama naye.

Ndiyo maana anaendelea kuwashonea waliomcheka. Katika magari thelathini na manane ya chama, ameshafungua viti vya kumi na tisa. Mengine hayajachakaa vya kutosha. Anayasubiri yachakae.

Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Binti anamchomekea uzi. Ndiyo maana pia alimketisha binti huyo kwenye cherehani, akamkatia kipande cha ngozi, akakishona mshazari kwa uzi wa viatu na kumfunga macho kwa kitambaa, akiguse tena na tena mpaka vidole vyake viujue mshono ule vyenyewe.

Mchana mwenye saa kubwa anarudi kuchukua kiti chake. Anakikalia, anajinyoosha, anakiri kwamba kimekuwa kipya. Anasema kuna rafiki yake naye ana Mshale, viti vimeanza kutoa sponji. Amlete?

"Mlete," anasema Mama Sindano. "Mwambie foleni hakuna."

Gari linaondoka na kuacha vumbi. Binti anafagia vipande vya uzi, anavirundika mguuni pa meza.

"Mama, kikija kile chenyewe? Mwenye gari akisimama hapo mlangoni anakisubiri?"

Mama Sindano anaufunga mkasi na kuuweka kwenye mfuko wa gauni.

"Hicho hatushoni."