Shingo ya Shangazi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenilea kijijini Mwazye na kunifundisha ufinyanzi. Alikuwa na rovu, uvimbe mkubwa shingoni, kama wanawake wengi wa rika lake huko kwetu, na hakulificha. Vyungu vyake vya pombe ya ulezi vilijulikana hadi vijiji vya jirani. Mimi nilivichoka mapema. Nilipopata nafasi kwenye karakana ya ushirika mjini Sumbawanga, niliondoka kwa furaha.

Huko nilijifunza kuchoma udongo kwenye tanuri na kuupaka dawa inayoyeyuka motoni na kuwa kama kioo. Wenzangu walitengeneza vikombe. Mimi nikaanza kufinyanga watu: mama anayetwanga, mzee na baiskeli yake. Wateja walizipita tu sanamu hizo. Ndipo nikamfinyanga bibi amejitwika kitanda, anahamia kijiji cha ujamaa, na rovu lake nikalikuza hadi likafika kifuani. Nikalipaka dawa ya kijani mara mbili ili ling'ae kuliko kitu kingine chochote. Karakana nzima ilicheka. Nilijua nimemfinyanga nani, na nilicheka nao.

Siku ya maonyesho mjini, meza yangu ilizungukwa tangu asubuhi. Sikumwalika shangazi, lakini habari zilimfikia, akapanda lori la mahindi kuja kuona kazi ya mtoto wake. Nilimwona akipenya katikati ya watu, kanga mpya begani, shingo wazi kama siku zote. Kicheko kilikatika, kisha kikarudi chini kwa chini. Watu walitazama sanamu, wakamtazama yeye.

Ofisa mmoja aliyekuwa akiandika oda aliniuliza kama yule bibi ni ndugu yangu.

"Hapana," nilisema. "Ni mama mmoja tu wa kijijini kwetu."

Nilisema kwa Kiswahili, na shangazi Kiswahili alikisikia vizuri. Aliichukua sanamu, akaigeuza pole pole kama alivyozoea kukagua vyungu vyake, akairudisha mezani.

"Umechoma vizuri," aliniambia kwa Kifipa. "Haina ufa."

Kisha akaivuta kanga, akaizungushia shingoni, akauliza malori ya Mwazye yanasimama wapi. Nilimwelekeza kwa kidole. Sikumsindikiza.

Ofisa aliagiza sanamu kumi na mbili za namna ile. Ningeweza kukataa, au kusema nitafinyanga kitu kingine. Nilizifinyanga zote, na kila moja rovu lilitoka zuri zaidi kuliko lililotangulia, kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea.

Baada ya mavuno nilikwenda Mwazye kumwomba radhi. Nilipiga goti, nikasema shikamoo, akaitikia. Kabla sijaanza, akaniuliza tanuri linakula kuni kiasi gani, na ile dawa ya kijani inatengenezwa na nini. Nikamweleza. Aliuliza tena, nikaeleza tena, mpaka ugali ukaiva. Alikuwa amejifunga kanga shingoni ndani ya nyumba yake mwenyewe, karibu na moto, jasho likimtoka. Niliona, nikaendelea kuongea habari za tanuri.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilikuwa nikimtembelea kila mwaka, nikimpelekea sukari na sabuni, na kila mara nilijiambia njiani kwamba leo nitasema. Hata siku moja sikusema. Mara zote tuliongea udongo.